Kiatu cha siku ya kasi kijaribie mbioni

Viatu vyangu vya kwanza vya siku za kasi, zile siku za mazoezi ya kukimbia haraka, vilikuwa laini kuliko godoro langu. Nilivivaa dukani, nikadundadunda mara mbili, nikatembea hatua sita juu ya zulia, nikalipa. Jumamosi iliyofuata, saa 11 alfajiri, nikaenda navyo daraja la Tanzanite, hapa Dar. Lile daraja lina kama kilomita moja na ushee, kwa hiyo klabu yetu hulifanya ndiyo kipimo: unavuka kwa kasi, unarudi nusu ukitembea nusu ukijikokota, unavuka tena, raundi tano. Raundi ya kwanza raha tupu. Ya pili nikaanza kuhisi mguu unachelewa kutoka chini, kama ukikimbia kwenye ule mchanga mkavu wa ufukwe wa Coco unaomeza kisigino. Kufika ya nne kifundo cha kulia kilikuwa kinayumba kila nikikanyaga, na usiku ule kano la nyuma ya kisigino likawaka moto. Wiki tano nilizimaliza pembeni nikiwashikia wenzangu saa na chupa za maji.

Kiatu hakikuwa na kosa. Hadi leo nakivaa siku za kukimbia polepole na nakipenda. Mwenye kosa ni mimi niliyekipima nikiwa nimesimama, halafu nikaenda kukitumia nikiwa nakimbia.

Nijitambulishe kidogo, maana ushauri wa kiatu bila kujua kilo na kasi ya anayeshauri ni sawa na kutajiwa nauli bila kuulizwa unashuka wapi. Nafundisha hesabu sekondari, nina miaka 39 na kilo 71, mguu wangu ni mpana kwa mbele, urithi wa miaka mingi ya netiboli. Nusu marathoni yangu bora ni saa 1 na dakika 48. Siku za kawaida nakimbia kilomita kwa dakika 6 na robo. Siku za tempo, yaani kasi ya kati unayoishikilia kwa muda mrefu, dakika 5. Darajani 4:40 nikiwa nimeamka vizuri.

Namba kama hizo ndizo za kuanzia hata kwako: kasi yako ya polepole na kasi yako ya haraka, ziandike. Ukikimbia polepole, unyayo unakaa chini muda mrefu kidogo, sponji ya kwenye soli inapata nafasi ya kubonyea na kuinuka. Ukiongeza kasi unagonga chini kwa nguvu zaidi na unaondoka mapema zaidi. Sponji laini lakini zembe inakuwa bado inashuka wakati wewe umeshaanza kuondoka, na ule mrejesho unaukosa. Kwa hiyo dukani usiulize kiatu ni laini kiasi gani. Uliza, au tuseme tafuta mwenyewe, kinarudi haraka kiasi gani. Na kilo zako zimo humo. Rafiki yangu wa kilo 52 anaelea juu ya kiatu ambacho mimi nakikandamiza mpaka mwisho.

Kuhusu hizo sponji, majina matatu yanatosha. EVA ndiyo ya kawaida, imo kwenye viatu vingi vya bei ya chini. Si mbaya, ila inachoka taratibu na kugeuka bapa. TPU ndiyo ile ya Adidas Boost iliyotoka 2013: inadunda na inadumu, lakini ni nzito. PEBA ni nyepesi na inarudi kwa haraka. Ilipata jina na Nike Vaporfly ya 2017, na bei yake inajulikana. Katikati siku hizi kuna EVA iliyoumuliwa kwa gesi kwenye shinikizo kubwa, nyepesi na yenye mdundo kuliko EVA ya zamani, na kwa siku za kasi za mtu wa kawaida hiyo inatosha kabisa. Joto nalo hulainisha sponji. Kiatu kilichoshinda kwenye buti la gari mchana wa Februari hakitakuwa kile ulichokijaribu kwenye duka lenye kiyoyozi.

Namna ya kujaribu

Nenda jioni baada ya kazi, mguu ukiwa umeshavimba kidogo, na uende na soksi zako za mazoezi. Bonyeza ubavu wa soli kwa dole gumba, uachie. Sponji nzuri ya kasi inakifukuza kidole. Ile ya godoro inakiacha kiondoke chenyewe.

Vaa vyote viwili, funga kamba sawasawa. Simama kwa mguu mmoja, fumba macho, hesabu mpaka 20. Fanya hivyo hivyo pekupeku. Ukiyumba zaidi ndani ya kiatu kuliko ukiwa pekupeku, fahamu kwamba kwenye kona, mwili ukiwa umechoka, utayumba zaidi ya hapo.

Halafu omba ruhusa utoke nje ukimbie. Ndiyo, omba. Wauzaji wengi hawajawahi kuombwa, lakini ukiacha kipochi au viatu vyako kaunta wanakubali. Hatua za kupasha kwanza, kisha mita 60 mpaka 80 kwa kasi yako ya intavo (vile vipande vya haraka vyenye mapumziko katikati), si kwa kufukuzwa na mbwa. Rudia mara tatu: mara moja nyooka, mara moja uzunguke kitu (mti, nguzo, bodaboda iliyoegeshwa), mara moja usikilize tu. Kiatu kinachokufaa kinatoa mlio mfupi na mkavu. Ukisikia pa-pa-pa kama kandambili, ama kigumu kwa mbele ama wewe na umbo lake hamjaelewana.

Kwenye kona angalia kisigino. Kikiteleza juu chini, funga kamba kwa kutumia lile tundu la mwisho la juu ambalo watu wengi wanaliacha, ujaribu tena. Kikiendelea, achana nacho.

Usipotoshwe na ile pua iliyoinuka kama ngalawa. Iko kwa ajili ya kukuviringisha mbele, na ukitembea nayo unahisi kama unasukumwa. Kwa kasi ya 6:15 kwangu inasumbua. Kwa 4:40 ndiyo naielewa. Hiyo nayo hutaijua kwa kutembea juu ya zulia.

Namba za kwenye boksi

Kimo kwanza. Shirikisho la riadha la dunia limeweka kikomo cha milimita 40 kwa soli za mbio za barabarani, lakini viatu vya mazoezi vinaruhusiwa kupita hapo, na Asics Superblast kwa mfano inapita. Sisi wa klabu hakuna wa kutupima. Ila ukipanda juu unalipia kwenye kona na kwenye lami yenye mashimo, isipokuwa soli iwe imetanuka chini. Kigeuze kiatu, tazama upana wake katikati.

Kisha tofauti ya kimo kati ya kisigino na mbele, wanayoiita dropu. Hapa ndipo kano langu lilipoungulia. Dropu ndogo inapeleka kazi kwenye shavu la mguu na kano la kisigino; kubwa inaisogeza kuelekea goti. Saucony Endorphin Speed ina milimita 8, Hoka Mach ina 5. Tofauti ya milimita 3 inaonekana ya kuchekesha mpaka uikimbie raundi tano darajani. Aliyezoea 10 asirukie 4 ndani ya wiki moja.

Uzito: kila gramu 100 zinazoongezeka kwenye kiatu huongeza nguvu unayotumia kwa karibu asilimia 1. Kwa hiyo gramu 20 za hapa na pale zisikuumize kichwa. Gramu zinazotajwa na makampuni kwa kawaida ni za saizi 9 ya kiume ya Marekani, ndiyo maana mizani ya nyumbani huwa haikubaliani na tangazo. Mimi kwa siku za kasi natafuta kati ya 220 na 260 kwa kipimo hicho, basi.

Pleti, yaani bamba jembamba linalolazwa ndani ya sponji: ya kaboni sikushauri kwa mazoezi ya kila wiki. Ni ngumu, ni ghali, na hiyo hela utaitaka siku ya mashindano. Ukipenda ule msukumo, Endorphin Speed ina pleti ya nailoni inayokunjika, na Adidas Adizero Boston 12 ina vijiti vya nyuzi za kioo. Hoka Mach 6 haina pleti kabisa, na kwa anayeanza siku za kasi ningemwelekeza huko. Halafu Mach 6 iliongezewa raba chini. Toleo lililotangulia lilikuwa sponji tupu, na kwa lami yetu sponji tupu inalika kama sabuni.

Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo mwaka 2025 kwa tofauti ya sekunde 0.03, kesho yake kwenye klabu kila mmoja aliuliza alivaa kiatu gani. Hakuna aliyeuliza alikuwa anafanya nini tangu ile shaba ya London 2017. Nacheka, lakini na mimi nilikwenda kutazama.

Saizi

Weka karatasi sakafuni jioni, simama juu yake, chora mguu, pima kwa rula. Mguu wangu wa kulia ni sentimita 24.6, wa kushoto 24.3, nanunua kwa ule mkubwa. Kwenye lebo tafuta namba ya sentimita, acha UK na EU zinazobadilika kila kampuni. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba, maana kwenye kasi mguu unasukumwa mbele na kucha nyeusi hazina urembo. Dada wenye mguu mpana kama mimi, jaribuni toleo la kiume: ni saizi moja na nusu chini kwa namba za Marekani, na mara nyingi ni pana zaidi mbele. Aliyeniambia hivyo kwanza nilimwona ananidharau. Alikuwa sahihi.

Kikishakuwa chako, wiki ya kwanza usikipeleke darajani. Dakika 20 za polepole, halafu vipande sita vya sekunde 20 vya kasi. Wiki ya pili nusu ya raundi zako. Kikilowa, toa soli ya ndani, jaza magazeti, anika kivulini. Jua la Dar linaikausha gundi na kuipika sponji. Usikivae sokoni wala kazini. Mimi cha kasi nakistaafisha kikikaribia kilomita 500, nakishusha daraja kuwa cha polepole.

Na mtumba je?

Hapa ndipo wengi wetu tunaponunua, kwa hiyo nitakaa kidogo. Nina kijana wangu pale Mchikichini, Karume. Siku moja ananitolea kiatu cheupe, safi, raba ya chini haijalika hata kidogo.

"Mwalimu, hiki OG kabisa, hakijakanyaga lami."

Nikakibonyeza ubavuni. Dole likagonga kitu kama ganda la muhogo mkavu. Nikakileta kwenye mwanga: mikunjo midogo midogo imejipanga pembeni mwa soli, kama kope. Nikafunua ulimi kutafuta lebo, maana viatu vingi huwa na mwezi na mwaka wa kutengenezwa kwa maandishi madogo. Kilikuwa na miaka tisa. Nikashika kisigino na pua nikakisokota kama nakamua nguo, nikasikia gundi inalia.

Hakunidanganya: OG, yaani halisi, kilikuwa OG. Kilikuwa kimekufa tu. Sponji inazeeka hata ikiwa kabatini, na gundi vilevile. Weupe wa juu na raba nzima ya chini havikuambii chochote kuhusu katikati.

Kwa hiyo kwenye mtumba mpangilio ni huu: lebo kwanza, na kilichopita miaka mitano kwa siku za kasi mimi nakiacha. Kisha dole. Kisha weka jozi juu ya meza iliyonyooka, utazame kwa nyuma kama visigino vimesimama wima. Kilicholala upande mmoja kimeshajifunza mwendo wa mwenyewe wa kwanza, na hakitajifunza wako. Ingiza mkono ndani, papasa panapokaa kidole gumba, usikie kama pamechimbika. Hayo yakipita, ndipo unavaa na kukimbia.

Siku ile nilichukua kingine, cha bluu iliyopauka, cha miaka miwili, kisicho na mvuto wowote. Nikamwachia begi langu, nikakimbia kwenye kichochoro mpaka kwa muuza mihogo, nikamzunguka, nikarudi. Mara tatu. Watu wakatoka vibandani kutazama.

"Mwalimu, unajaribu kiatu au unafukuza mwendokasi?"

Nikalipa elfu 45 baada ya kuombana kwa dakika kumi. Siku hizi akifungua belo hunitumia picha ya lebo kabla ya picha ya kiatu.