Jinsi ya kubadilisha katiba ya kanisa Kenya, kuanzia kura mpaka barua ya Msajili

Wapendwa, kama kanisa lenu limesajiliwa kama chama na mnataka kurekebisha katiba, someni hii kabla hamjaita watu wapige kura, maana sisi imetuchukua miezi saba.

Rasimu haina shida. Pangeni kifungu cha zamani upande mmoja na kipya upande wa pili, mgawie washirika wakasome nyumbani. Halafu fungueni katiba mliyonayo sasa, sio hiyo mpya, muone notisi ni siku ngapi, akidi, yaani watu wa kutosha kufanya mkutano uwe halali, ni wangapi na kifungu kinapita kwa kura ngapi. Yetu inataka theluthi mbili ya waliohudhuria.

Kwenye kura ndipo tulipoumia. Tulipiga baada ya ibada, kanisa limejaa, pasta akauliza nani anakubali, mikono ikapanda, tukasema amina tukaenda nyumbani. Kumbe ndani mna wageni, mna watoto wa sande skuli. Mashemasi wawili walihesabu, mmoja akapata 94 mwingine 101, katibu akaandika "wengi walikubali". Mshirika aliyepinga kipindi cha wazee kuongezwa akauliza kura yake imeandikwa wapi, hatukuwa na jibu, na alikuwa na haki kabisa ya kuuliza. Ikabidi tuite mkutano upya.

Mara ya pili daftari la washirika liliwekwa mlangoni: unatafutwa jina, unaandika nambari ya kitambulisho, unasaini, ndio unapewa kadi ya kijani ya kuinua. Wageni wakakaa upande wa kwaya. Idadi ikatangazwa kabla ya kura, kila kifungu kikapigiwa peke yake, wangapi ndio, wangapi la, wangapi wamenyamaza, yote yakaandikwa hapohapo. Kuna nyanya mmoja asiyejua kusoma, karani alimkalia karibu akamsomea polepole, kufika kifungu cha 9 akasema hiki sikitaki, na hiyo la yake imo kwenye muhtasari.

Sasa Msajili wa Vyama. Sheria ya Vyama, sura ya 108, kifungu cha 20, inakataza kubadilisha jina au katiba bila idhini yake ya maandishi kwanza, na ombi lisainiwe na viongozi watatu wa chama. Hakikisheni ni wale waliomo kwenye rekodi zake, kwa hiyo kama mlibadilisha katibu na hamkupeleka ripoti za mwaka, anzeni na hilo. Ambatanisheni muhtasari, orodha yenye saini, katiba ya zamani na mpya.

Na mpaka idhini ije, katiba ni ileile ya zamani! Sisi tulishachagua wazee kwa hiyo mpya, tukaenda benki kubadilisha watia saini, tukaulizwa barua iko wapi, hatuna, pesa za mabati zikakaa wiki sita huku mvua inanyeshea madhabahu.

Barua ikifika toeni nakala, moja ya benki, moja ya faili, moja mbandike kwenye ubao wa matangazo ili hata aliyepinga aisome mwenyewe.