Kumpodoa mama wa miaka hamsini na kuendelea: ninavyofanya mimi hapa Bukavu

Mama wa bibi harusi akishakaa kwenye kiti changu, neno la kwanza karibu kila mara ni lile lile: "Mwanangu, usinifanye kinyago." Nilipoanza kazi nilikuwa nacheka, kisha namfanya kinyago. Nampaka vile vile nilivyompaka binti yake nusu saa kabla: fondoteni nzito (wenzetu wa Tanzania husema faundesheni), konsila ya kuficha weusi chini ya macho, poda, halafu poda tena. Kwenye kioo cha saloni anapendeza. Misa ikifika kwenye matoleo, poda imeshapasuka chini ya macho kama matope yaliyokaukia barabarani, na kwenye picha za jioni uso una rangi ya majivu wakati shingo ni ya kahawia. Picha hizo zimo kwenye albamu za watu hadi leo. Kuna mtaa mmoja kule Kadutu ambao nikipita huwa naongeza mwendo.

Basi wadogo zangu mnaoniuliza, na mama zangu mnaojipaka wenyewe nyumbani, hivi ndivyo ninavyofanya sasa. Tengeni dakika 50, na 15 za mwanzo ni za kuandaa ngozi tu.

Ujue ngozi unayoishika

Hedhi ikishakoma, mafuta ya ngozi hupungua, na katika miaka 5 ya kwanza mwanamke hupoteza karibu asilimia 30 ya kolajeni, ile inayoishikilia ngozi isilegee. Lakini ngozi yetu nyeusi ina mambo yake. Mikunjo midogo hutuchelewea kwa sababu melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, inatukinga na jua kwa kiasi. Kinachotangulia ni madoa, weusi kuzunguka macho na mdomo, mashavu kushuka, na vile vipele vidogo vyeusi vinavyoota juu ya mashavu. Video nyingi za Ulaya zinafundisha kuficha mikunjo. Kwa mama zetu kazi kubwa ni rangi na unyevu, na hapo ndipo mkono wako ukae.

Vile vipele viache. Havina ubaya, na mara nyingi ni vya ukoo: mtazame dada yake utaviona. Ukivirundikia konsila, mwanga unavinyanyua zaidi. Na asikudanganye mtu uvikwangue kwa wembe, vitaacha doa baya kuliko vyenyewe.

Hatua ya 1: Uliza, na uulize kwa sauti ya chini

Anavaa miwani? Macho yanamtoka machozi kwenye upepo? Kuna kitu kilishawahi kumwasha? Halafu swali gumu: anapaka nini usoni kila siku? Ukiona uso umemzidi shingo kwa weupe, na viungo vya vidole vimebaki vyeusi, jibu unalo tayari. Ni mkorogo, zile krimu za kujichubua. Usimuulize mbele ya wakwe. Mimi huwafukuza wote chumbani kwa kisingizio cha mwanga.

Simuulizi ili nimhubirie, siku ya harusi si siku yake. Nauliza kwa sababu krimu hizo mara nyingi zina hidrokwinoni au dawa za steroidi, na steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi ya sigara. Ngozi ya hivyo usiiguse kwa nta ya moto kwenye nyusi, itachubuka. Usiifute kwa vitambaa vyenye alkoholi. Siku nyingine, akirudi kwa utulivu, ndipo namwambia amwone daktari wa ngozi, maana kuacha ghafla nako kuna shida zake.

Hatua ya 2: Maji kwanza, mafuta baadaye

Safisha uso kwa maji ya vuguvugu, ufute kwa kugandamiza taulo, si kusugua. Ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, paka krimu yenye gliserini usoni na shingoni. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, vumbi la barabara zetu linakausha kila kitu, kwa hiyo napaka mara mbili. Kisha nasubiri dakika 10. Ndiyo, kumi! Mpe chai, tengeneza kilemba, fanya lolote, ila usiguse uso.

Vaselini acha kwa midomo tu. Ukiipaka usoni chini ya fondoteni, kila kitu kitateleza kabla hajafika Nyawera, hapa hapa mjini.

Kinga ya jua ni ya kila siku. Bukavu iko kwenye mita kama 1,500 na ikweta haiko mbali, baridi ya ziwa isikudanganye. Ila siku ya picha soma kopo: kinga yenye titani au zinki inarudisha mwanga wa kamera, na mama anatoka mweupe kama aliyemwagiwa unga.

Hatua ya 3: Madoa

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Doa jeusi ukilifunika moja kwa moja kwa konsila ya rangi ya ngozi, linageuka kijivu. Lazima kwanza uuvunje ule weusi kwa rangi ya machungwa. Kwa ngozi nyeusi sana chukua machungwa inayokaribia nyekundu, kwa ngozi ya maji ya kunde ile hafifu, kama rangi ya papai.

Chukua kiasi cha punje ya mchele. Tumia kidole cha pete, ndicho chenye nguvu ndogo. Gonga juu ya doa peke yake, tip, tip, tip, bila kuvuta ngozi, na kingo zake zififie zenyewe. Chini ya macho usipake nusu duara yote. Weka pale penye weusi mzito tu, kwa kawaida karibu na pua, kwenye bonde. Acha dakika moja ikamate. Juu yake konsila, safu nyembamba, kwa kugonga vile vile. Ukiona machungwa bado inachungulia kidogo, usiogope, fondoteni itamalizia.

Hatua ya 4: Fondoteni kidogo kuliko unavyotamani

Fondoteni iwe ya majimaji na isiyokausha. Rangi ijaribie kwenye taya karibu na dirisha, si chini ya taa ya saloni. Kwa mama ambaye uso na shingo havifanani, nachagua rangi ya katikati, nashusha kidogo shingoni kwa sifongo, na natandika taulo juu ya libaya lake, yaani blauzi, kabla ya yote. Nilishachafua kola nyeupe asubuhi ya harusi, sitaki tena kuonja maneno yale.

Lowesha sifongo, kamua sana, anza katikati ya uso kwenda nje. Kwenye paji la uso na kando ya macho ipite tu yale mabaki. Ngozi yake ionekane chini yake. Mtu akimwona aseme mama fulani amelala vizuri.

Hatua ya 5: Mashavu, kabla ya poda

Tumia rangi ya krimu. Binti unamwambia acheke, unapaka pale panapovimba. Mama usimwambie acheke. Akiacha kucheka, rangi inashuka naye. Mwache uso utulie, weka rangi juu ya mfupa wa shavu na uivute kuelekea juu ya sikio. Nyekundu ya tofali au zambarau ya matunda zinakaa vizuri kwetu. Waridi hafifu inageuka chaki.

Hatua ya 6: Poda

Pembeni mwa pua, katikati ya paji, kidevuni. Basi. Brashi ndogo, kung'uta kwanza. Ile poda nyeupe inayodaiwa kutokuwa na rangi mara nyingi ni silika, unga wa madini, nayo kamera haiisamehe.

Hatua ya 7: Nyusi na macho

Mama wengi walizing'oa nyusi wakiwa wasichana na mkia haukurudi tena. Tumia kalamu ya kahawia iliyokolea, usitumie nyeusi, na uchore vistari vifupi kama vinywele. Mkia usishuke chini ya usawa wa mwanzo wa nyusi, maana ukishuka, uso mzima unaonekana una huzuni.

Kwa macho, mwambie akutazame wima, macho wazi. Ngozi ya juu ya jicho imelegea, na ukipaka rangi kwenye mkunjo wenyewe itamezwa akifungua jicho. Weka kahawia isiyometa juu kidogo ya mkunjo, pale unapoiona akikutazama. Wanja mnene wa juu unakula jicho lililobaki. Mimi nachomeka wanja kati ya unywele na unywele wa kope tu, kwenye mizizi. Chini sipaki wanja mweusi, unatiririka na unapunguza jicho. Kope za bandia za ukanda mzima ni nzito kwake, kwa hiyo nabandika vishada vitatu kwenye kona ya nje. Maskara iwe isiyoogopa maji. Binti akitoka nyumbani kwao mama atalia, hilo lipangie kabisa.

Hatua ya 8: Midomo

Futa vaselini uliyoweka mwanzo. Zungusha kalamu yenye rangi sawa na rangi ya mdomo, ndiyo inayozuia rangi isipande kwenye mistari midogo ya juu. Zile rangi za majimaji zinazokauka kabisa, hapana, zinakunja mdomo. Paka ya krimu, gandamiza karatasi laini, paka tena. Mama akitaka nyekundu mpe nyekundu! Huwa sielewi wanaowapaka mama zetu rangi ya uji.

Kabla hajasimama

Mpeleke dirishani, mpige picha kwa simu, moja bila mwanga wa kamera na moja ukiwa umewashwa. Uso na shingo vikitofautiana, rekebisha sasa hivi kwa sifongo yenye maji, bila kuongeza kitu. Mvalishe miwani yake uangalie pale inapokalia pua, ufute rangi iliyozidi hapo, la sivyo itaacha alama mbili.

Kwenye mkoba wake naweka rangi ya mdomo na karatasi laini mbili. Poda siweki, hata akiniomba, kwa sababu dada zake watampaka wakiwa ukumbini. Usiku atoe vyote kwa mafuta kidogo ya nazi kwenye pamba, ajifute polepole kuanzia juu kushuka, macho ya mwisho, ndipo anawe kwa sabuni laini.