Unaomba ruzuku ya serikali ya utafiti wa mazingira? Anza na ofisi inayosubiri jibu lako

Tangazo la ruzuku likitoka tu, magrupu ya WhatsApp ya watafiti yanachangamka, PDF zinarushwa huku na huku, kila mtu anauliza dedilaini lini, halafu zikibaki siku tatu ndo mtu anafungua lapitopu aanze kuandika utangulizi. Andiko la namna hiyo linaweza kuwa na sayansi nzuri kabisa na bado likakosa hela, kwa sababu hakuna mahali linasema nani serikalini anayahitaji hayo majibu na atayafanyia nini. Hapo ndo watu wengi wanaangukia, sio kwenye takwimu wala kwenye Kiingereza cha andiko.

Nitaeleza zaidi mambo ya Tanzania maana mfumo wa huku ndo naufahamu kwa undani, na nitashika mfano mmoja mwanzo mwisho ili tusielee hewani: zebaki kwenye uchimbaji mdogo wa dhahabu mkoani Geita. Wewe weka mikoko ya Rufiji au magugu maji ya Ziwa Victoria au chochote unachokifanyia kazi, njia ni ile ile.

Kwanza hela zenyewe ziko wapi. Mlango mkubwa ni COSTECH, ile Tume ya Sayansi na Teknolojia iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1986, ndani yake kuna mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia ambao wengi wanaujua kwa jina la MTUSATE. Hela za mfuko huo zinatolewa kwa ushindani, tangazo linatoka likiwa na maeneo ya kipaumbele na masharti yake. COSTECH pia iko kwenye ule mpango wa mabaraza ya utafiti ya nchi za Afrika ulioanza 2015, kwa hiyo mara nyingine unakuta tangazo la pamoja ambapo timu ya Tanzania inatakiwa ishirikiane na timu ya nchi nyingine. Kama utafiti wako ni wa misitu angalia na Mfuko wa Misitu Tanzania, upo kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya 2002. Na walioko vyuoni wasidharau ruzuku za ndani, UDSM na SUA wana hela za utafiti za kushindania kwa watumishi wao, na kwa mtafiti anayeanza huko ndo pa kujijengea rekodi. Walioko Kenya waangalie National Research Fund, iliyotokana na Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013, wakijua kwamba leseni ya kufanya utafiti inatoka NACOSTI, hizo ni taasisi mbili tofauti na kila moja ina fomu zake.

Tangazo lisome lote, halafu lisome tena ukiwa na kalamu. Angalia nani anaruhusiwa kuwa mtafiti mkuu, taasisi yako inakubalika au la, kama wanataka timu ya taasisi zaidi ya moja, kama wametaja wanawake na watafiti vijana, ukomo wa bajeti, na vitu gani hawalipii. Ukikuta sharti moja hulitimizi usijipe moyo kwamba watakuelewa, andiko la namna hiyo linatolewa kwenye mchujo wa kwanza kabla hata mtu wa sayansi hajaligusa.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Kabla hujaandika hata sentensi moja tafuta ofisi ya serikali ambayo ina swali na haina jibu. Kwa mfano wetu wa zebaki ofisi zipo nyingi tu: NEMC (baraza la taifa la mazingira) kanda, ofisi ya madini ya mkoa, Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria pale Mwanza, halmashauri yenyewe, na kule juu Ofisi ya Makamu wa Rais upande wa mazingira ambao ndo wanasimamia utekelezaji wa Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki. Nenda ukaonane na afisa anayehusika, ukishindwa mpigie, na usimwambie "nina utafiti wangu naomba mniunge mkono", muulize ni jambo gani anatakiwa aliamue kila siku na data hana. Halafu nyamaza umsikilize. Maafisa wa ngazi ya kanda na wilaya wanajua mambo ambayo hayapo kwenye jarida lolote, na wengi wao hakuna aliyewahi kuwauliza.

Ukienda hivyo unaweza ukarudi na swali tofauti kabisa na ulilokwenda nalo. Mtu anaweza kwenda na wazo la kupima zebaki kwenye mito, ambalo si baya, ila Geita imeshapimwa, Rwamagasa pale mradi wa UNIDO (shirika la UN la maendeleo ya viwanda) ulikuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 na mpitiaji yeyote, yaani anayeyasoma maandiko na kuyapa alama, anayejua eneo hilo atakuuliza unaongeza nini. Kumbe shida iliyopo mezani kwa afisa ni marudio, ule mchanga unaobaki baada ya kuchenjua. Wachimbaji wadogo wanakamata dhahabu kwa zebaki kwenye mialo (sehemu za kuchenjulia), mchanga unaobaki bado una dhahabu, unauzwa kwa wenye plenti za sayanaidi, mitambo inayotoa dhahabu kwa kemikali hiyo, na sayanaidi ikikutana na zebaki inaiyeyusha na kuifanya isambae kirahisi zaidi kwenye maji. Kiambatisho C cha Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia 2020, kinataka nchi ichukue hatua kukomesha uchenjuaji wa sayanaidi kwenye marudio ambayo zebaki haijaondolewa kwanza. Lakini afisa akisimama mbele ya lundo la marudio atajuaje lipi lina zebaki nyingi na lipi lina kidogo? Hilo ndo swali lenye mwenyewe.

Angalia linavyobadilisha aya ya kwanza ya andiko. Wengi wanaanza hivi: "Zebaki ni miongoni mwa kemikali hatari zaidi duniani na imekuwa changamoto kubwa kwa mazingira na afya ya binadamu." Kweli tupu, na msomaji hajapata kitu. Sasa soma hii: "Plenti za sayanaidi mkoani Geita zinapokea marudio yaliyochenjuliwa kwa zebaki. Mkataba wa Minamata unataka zebaki iondolewe kwanza, ila wasimamizi hawana kipimo cha haraka cha kutambua marudio yenye zebaki. Utafiti huu utapima marudio ya mialo minne kwa kifaa cha kubebeka, utalinganisha na majibu ya maabara, na utawapa wasimamizi mwongozo wa kurasa mbili wa kutumia uwandani." Sentensi tatu, na mpitiaji ambaye sio mkemia kabisa ameshajua shida ni nini, utafanya nini, na nani atapokea. Kumbuka kwenye jopo huwa kuna watu wa fani mbalimbali, wa uchumi, wa kilimo, wa sera, usiandike kama unamwandikia msimamizi wako wa PhD.

Ukishapata swali liunganishe na nyaraka za serikali kwa jina na kwa kipengele: Sera ya Taifa ya Mazingira ya 2021, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, vipaumbele vya utafiti vya taifa, na kwa upande wetu ule mpango wa taifa wa kupunguza zebaki kwa wachimbaji wadogo, uliopangiwa miaka ya 2020–2025. Usizirundike zote kwenye aya moja kuonyesha kwamba umesoma, chukua kipengele kimoja au viwili ambavyo kazi yako inavigusa kweli, useme vinagusana wapi. Na yule afisa muombe barua. Barua yenye nguvu inasema ofisi itatoa nini, labda mtumishi wa kwenda naye uwandani au ruhusa ya kuona kumbukumbu, na itayatumiaje matokeo. Ile ya "tunaunga mkono utafiti huu muhimu" kila mtu anayo. Mpelekee rasimu ili kazi yake iwe kurekebisha tu, maana ana mambo mengi na barua lazima ipite masjala.

Vibali ndo mahali ratiba za watu zinafia. Walioajiriwa au wanaosoma vyuo vikuu vya umma mara nyingi wanapata kibali cha utafiti chuoni kwao, kuna waraka wa serikali wa tangu 1980 unaowapa makamu wakuu wa vyuo mamlaka hayo, halafu barua inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, kwa mkurugenzi wa halmashauri, mtendaji wa kata mpaka mtendaji wa kijiji. Ngazi zote hizo ziwekee siku zake. Mshirika wako akiwa mgeni toka nje atahitaji kibali cha COSTECH na mambo ya ukaazi. Ukiingia hifadhini au kugusa wanyamapori kuna TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na Zanzibar wana utaratibu wao wa vibali, cha bara hakitoshi. Halafu kuna hiki watu wanakipitia haraka sana: ukiongeza nywele au mkojo wa wachimbaji kwenye sampuli zako umeshaingia kwenye utafiti wa binadamu, unahitaji kibali cha maadili, toka NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) au kamati inayotambulika, na hicho hakitoki wiki moja. Kama swali lako linajibika kwa marudio na tope peke yake basi acha nywele za watu, zinaongeza mvuto kwenye andiko ila zinaweza kukugharimu msimu mzima.

Bajeti nayo ina namna yake. Anza na sampuli, hela zifuate. Mialo minne, vituo vitano kila mwalo, misimu miwili, hizo ni sampuli 40. Ongeza marudufu 4, yaani sampuli za kurudia ili kuhakiki majibu, na sampuli tupu 4 za kuangalia kama uchafu umeingia njiani, unafika 48. Sasa hiyo 48 ndo inazaa kila kitu: gharama ya maabara kwa sampuli, vyombo, barafu, siku za gari, posho. Kwa maabara chukua ankara ya makadirio, mfano kwa Mkemia Mkuu wa Serikali ambao wana ofisi Kanda ya Ziwa, uiambatishe, usikadirie kwa kichwa. Na kama utachukua na maji andika kabisa aina ya chupa, kioo au teflon, zilizooshwa kwa asidi, kwa sababu zebaki inapenya kwenye chupa za plastiki za kawaida, na mkemia akiona umeandika "chupa za plastiki" ataanza kuitilia shaka method yako yote. Maneno mawili tu lakini yanaonyesha unaijua kazi.

Posho zifuate viwango vya serikali na zisimeze bajeti, wapitiaji wanaangalia hapo mapema sana. Warsha tatu za hoteli kwenye mradi wa sampuli 48 hazieleweki. Ila usiwasahau watu wa pale pale, kijana wa mwaloni anayekuonyesha njia na kukushikia koleo alipwe na aonekane kwenye bajeti, na weka hela ya mrejesho, yaani kurudi kuwaeleza wachimbaji na kijiji umekuta nini, kwa Kiswahili. Hii ya mrejesho mimi naiona ni haki yao. Watu wa Geita wamechukuliwa sampuli miaka na miaka na wengi hawajawahi kusikia majibu.

Kalenda sasa. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai unaisha 30 Juni, na mkataba kusainiwa haina maana hela imeingia. Ukiandika kwamba Julai unaanza uwandani umejifunga, andika "mwezi wa 1, wa 2, wa 3" kuanzia siku fedha zitakapopokelewa, halafu eleza kwamba unahitaji kiangazi cha Juni mpaka Septemba na msimu mmoja wa mvua, vuli au masika, na utafanyaje hela ikichelewa ikakukuta katikati ya mvua. Kama taasisi yako ni ya umma manunuzi yatapita NeST, ule mfumo ulioanza 2023 kuchukua nafasi ya TANePS, kwa hiyo kifaa cha kupimia usikipangie kutumika mwezi wa kwanza. Na uwanda wa katikati ya Juni ukwepe kabisa, wahasibu wanafunga mwaka, masurufu, yaani hela uliyopewa mkononi ya kazi, yanatakiwa yarejeshwe na risiti, na ukiwa na masurufu ambayo hujayarejesha safari inayofuata hupewi hela. Mhasibu wa taasisi mshirikishe wakati wa kuandika, sio baada ya kushinda, yeye ndo anajua kasma gani (fungu la bajeti) inalipa nini.

Kutuma, usingoje saa za mwisho, mfumo unazidiwa na umeme nao haukusubiri. Fungua akaunti wiki ile ile tangazo limetoka maana mara nyingi kuna taarifa za taasisi zinazohitaji saini ya mkuu, na mkuu anaweza kuwa safarini Dodoma wiki nzima. CV za timu zifupishwe ziendane na kazi. Kabla ya kutuma mpe mtu asiye wa fani yako asome ukurasa wa kwanza tu, halafu akueleze kwa maneno yake nani atatumia majibu, akishindwa kutaja ofisi rudi ukaandike upya ukurasa huo.

Majibu yakija ya kukosa omba maoni ya wapitiaji kwa maandishi, kwa heshima, hata kama tangazo halikusema watayatoa. Yasome kwa kuyatenganisha: yale ya "haieleweki" ni ya uandishi na unarekebisha jioni moja, yale ya "imeshafanyika" yanakurudisha kwa yule afisa ukaulize tena swali, na yale ya "nje ya vipaumbele" yanakwambia utafute mfuko mwingine kwa andiko lile lile, labda wa ndani ya chuo. Afisa naye mpigie umwambie haikupita na kwamba unarudi tangazo lijalo, ile barua yake ina tarehe, itabidi akuandikie nyingine.