Somo: Kutenganisha Taka Jikoni na Kutengeneza Mboji Uani

Katika miji yetu, Dar es Salaam ikiwemo, zaidi ya nusu ya taka za majumbani ni maganda na mabaki ya chakula, vitu ambavyo vingerudi kuwa udongo kama visingechanganywa na chupa, nepi na vioo ndani ya kiroba kimoja. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Juni 1, 2019 haikuligusa ganda la ndizi, nalo ndilo linalofanya kiroba kiwe kizito, kivuje na kinuke kabla gari la taka halijapita. Kwa hiyo tunaanzia jikoni, si dampo la Pugu.

Hatua ya kwanza ni kutenga vyombo vitatu: ndoo yenye kifuniko kwa mabaki ya jikoni, kiroba cha makopo na chupa zilizosuuzwa, kwa kuwa mnunuzi hupima kwa kilo na hushusha bei akikuta uchafu, na chombo cha taka zisizofaa kitu. Afundishwe yule anayemenya viazi. Nimeona mpango mzuri ukifa kwa sababu semina walihudhuria wenye nyumba, huku dada wa kazi hakuambiwa neno.

Hatua ya pili, chagueni mahali penye kivuli pasipotuama maji, mpange vijiti chini ili hewa ipite, kisha mjenge lundo la mita moja kila upande, maana lililo dogo zaidi halihifadhi joto. Kila tabaka la mabaki mabichi, yenye naitrojeni, lifunikwe kwa makavu yenye kaboni, kama majani, maranda ya mbao au karatasi zilizochanwa, yakiwa mara mbili au tatu ya ujazo wake. Nyama, samaki na mafuta visiingie, kwani huita panya.

Hatua ya tatu ni maji na hewa. Ukikamua konzi moja, yatoke matone machache tu. Baada ya siku chache chomeka nondo katikati. Ukiichomoa ikiwa ya moto, vijidudu vinafanya kazi. Lundo linalofika nyuzi 55 na kudumu hapo siku kadhaa huua mbegu nyingi za magugu. Geuzeni kila wiki, na baada ya miezi miwili au mitatu mtapata mboji nyeusi inayonukia kama ardhi iliyonyeshewa.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Lundo letu linanuka na majirani wamefika kwa mjumbe. Tumekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Limelowa mno na limekosa hewa. Ligeuzeni leo, mchanganye maranda mengi, kisha mlifunike juu kwa majani makavu.

Swali: Sisi wapangaji wa chumba kimoja, tusio na ua, tufanyeje?

Jibu: Tobolea ndoo matundu, iweke juu ya sinia na ufuate utaratibu uleule, ingawa haitapata joto kama lundo na itachukua muda mrefu zaidi. Vinginevyo, mpe maganda jirani anayefuga mbuzi.

Swali: Je, majivu ya mkaa yanafaa?

Jibu: Konzi moja moja tu. Yakizidi, naitrojeni hupotea hewani kama amonia, na pua itakujulisha.