Jinsi ya kufuatilia presha ya ubongo wodini kama huna ile mashine yenyewe

Shikamooni wakubwa, mambo wadogo zangu. Mimi niko chumba cha wagonjwa mahututi huku Mbeya, na kila wakija interni wapya swali huwa ni lile lile: dokta, presha ya ndani ya kichwa tutaijuaje wakati hatuna ule waya wa kuingiza kwenye fuvu? Tutaijua kwa vitu ambavyo viko wodini tayari, ila uvipime mara kwa mara na uviandike, maana kipimo cha saa mbili asubuhi hakikwambii chochote kuhusu saa tisa usiku. Na msijione wanyonge sana kwa kukosa huo waya, kuna utafiti ulifanyika Bolivia na Ecuador ukatoka 2012, wagonjwa 324 wenye majeraha makubwa ya kichwa, kundi moja lilifuatiliwa kwa waya na lingine kwa CT scan na kupimwa kitandani kwa ratiba, na hali zao baadaye hazikutofautiana kiasi cha kusema waya umeshinda. Ila hao wa kitandani walikuwa wanapimwa kweli kweli, sio raundi ya asubuhi inapita halafu basi mpaka kesho.

Kabla ya hatua zenyewe shika hesabu moja tu. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini unachukua karibu asilimia 15 ya damu inayotoka kwenye moyo. Unataka kama ml 50 za damu kwa kila gramu 100 kwa dakika, ikishuka chini ya 20 hivi unaanza kuzima kazi, ikifika chini ya 10 seli zinakufa. Sasa hiyo damu inafikaje? Chukulia nyumba za juu mlimani ambako maji hayafiki mpaka pampu isukume: nguvu ya pampu toa mzigo wa mlima, kinachobaki ndo kinachotoka bombani. Pampu ni presha ya wastani ya mishipa, tunaiita MAP, mlima ni presha ya ndani ya fuvu. Kwa mtu mzima aliyelala presha ya fuvu kawaida ni 5 mpaka 15 mmHg, ikivuka 22 inatakiwa itibiwe, na kinachobaki baada ya kutoa tunataka kiwe 60 mpaka 70.

Hatua ya 1: Presha ya mkono, na uipigie hesabu

Hapa ndo watu wanapita haraka na hapa ndo wagonjwa wanapotea. MAP unaipata hivi: presha ya chini zidisha mara mbili, jumlisha ya juu, gawa kwa tatu. Kijana wa bodaboda kaletwa na 90/50, ni 90 jumlisha 100, gawa kwa tatu, unapata 63. Kama ubongo umevimba na fuvu lina 25, kinachobaki ni 38, huyo ubongo wake unakufa njaa mbele ya macho yako na monita haijalia hata kidogo. Ndo maana huku kwetu mgonjwa akiwa hajitambui na CT scan inaonyesha uvimbe, tunachukulia tu kwamba fuvu lina 20 na tunahakikisha MAP haiendi chini ya 80. Kwa umri wa miaka 15 mpaka 49, na wale wa zaidi ya 70, presha ya juu isishuke chini ya 110, wa 50 mpaka 69 isishuke chini ya 100. Ikishuka tafuta damu inavuja wapi, tumboni, pajani, nyonga, maana kwa mtu mzima jeraha la kichwa peke yake mara nyingi halishushi presha. Dripu iwe ya chumvi ya kawaida, sio ya sukari, maji ya sukari yanaenda kuvimbisha ubongo.

Jambo dogo ila linaudhi: mvue koti na sweta kabla ya kufunga kile kitambaa cha presha. Najua Julai huku baridi inauma, lakini presha iliyopimwa juu ya jaketi ni ya jaketi.

Alafu kuna hali ya kinyume, presha inapanda, tuseme 180/80, mapigo yanashuka mpaka 50, na kupumua kunakuwa hakueleweki. Hiyo Cushing, daktari wa upasuaji wa ubongo, aliieleza tangu mwanzoni mwa miaka ya 1900, ni mwili unajaribu kusukuma damu kupita mlima uliopanda. Ukikimbilia dawa ya kushusha presha hapo umezima pampu. Tibu kichwa kwanza. (Kiharusi cha kuvuja damu kina utaratibu wake wa presha, huyo ongea na bosi wako kabla hujafanya lolote.)

Hatua ya 2: GCS, na uipime kwa lugha ya mgonjwa

GCS ni kipimo cha kiwango cha fahamu, walikitoa Teasdale na Jennett kule Glasgow mwaka 1974 na hakijahitaji umeme mpaka leo. Alama za juu kabisa ni macho (E) 4, kuongea (V) 5, viungo (M) 6, jumla 15. Usiniandikie "GCS 9" peke yake, andika E2 V2 M5, kwa sababu 9 zipo za aina nyingi na inayobeba ujumbe mkubwa ni ile M. Akiwa na bomba la kupumulia sehemu ya kuongea andika T.

Sasa lugha. Bibi katoka Rungwe ndani ndani huko, anaongea Kinyakyusa tu, interni katoka Dar anamuuliza kwa Kiswahili cha haraka uko wapi, leo siku gani, bibi anajibu vitu vingine, anaandikiwa V4 kachanganyikiwa. Hajachanganyikiwa, hajakuelewa. Mwite mjukuu wake hapo nje, mwambie amwamkie vizuri kwa kwao alafu ndo aulize. Kule Iringa ni hivyo hivyo, anza na salamu yao, kamwene, uone mzee anavyofungua macho.

Na pombe. Huku kuna ulanzi, kuna komoni, na mtu akinuka ulanzi ni rahisi kusema mwache alale zitamtoka. Mlevi aliyeanguka anapimwa kama wengine, tena kwa ukali zaidi, na kama baada ya masaa kadhaa hapandi basi ulanzi haukuwa peke yake. Sukari pia mpime hapo hapo, glukomita ni sekunde chache.

Ratiba: kila nusu saa mpaka afike 15, akishafika 15 endelea nusu saa kwa masaa mawili, kila saa kwa masaa manne, baada ya hapo kila masaa mawili. Akishuka pointi 2, au M ikashuka hata moja, unaamsha daktari, usisubiri ripoti ya kubadilishana zamu. Akiwa 8 au chini njia ya hewa haiaminiki tena, anahitaji bomba. Na anayepokea zamu apime pamoja na anayetoka, kitanda kwa kitanda, ili mkubaliane M5 yenu ni ile ile.

Hatua ya 3: Mboni

Funga pazia, tochi itokee pembeni, angalia ukubwa kwa milimita na kama inajibu. Tofauti ya zaidi ya milimita 1 ambayo jana haikuwepo, na jicho halijibu mwanga, chukulia ubongo umeanza kushuka na kubana mshipa wa fahamu wa jicho. Uliza kwanza kama alichomwa atropini (dawa inayopanua mboni), kama jicho lenyewe limeumia, au kama aliwahi kufanyiwa mtoto wa jicho. Ila uliza huku mikono inafanya kazi.

Hatua ya 4: Vitu vya bure

Kichwa juu nyuzi 30, shingo inyooke, kamba ya bomba na kola visikaze shingoni maana damu inayotakiwa kutoka kichwani inapita hapo. Oksijeni isikae chini ya 94, na huku Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo usichelewe kumwekea. Kidole kikiwa cha baridi mashine inadanganya, kipashe moto au hamia sikioni. Homa ishushwe. Kama yuko kwenye ventileta usimpumulishe haraka haraka, kaboni dayoksaidi ikishuka mishipa ya ubongo inabana na damu inapungua, weka 35 mpaka 45 mmHg, na kumharakisha iwe ni kwa dakika chache tu wakati mboni imeshapanuka na unasubiri dawa au tieta.

Hatua ya 5: Kupima presha kwa futi ya fundi cherehani

Hii sio ya ajali, hii ni ya homa ya uti wa mgongo, hasa ile ya fangasi kwa wenye VVU, na mikoa yetu ya Njombe, Iringa na Mbeya mnajua takwimu zetu zilivyo. Hawa presha ya kichwa ndo inawaua na inawapofusha, na ni kundi ambalo unaweza kuipima kwa namba kabisa bila kutoboa fuvu. Kwanza hakikisha hana dalili za upande mmoja na mboni ziko sawa, kama zipo CT scan itangulie, usichome.

Mlaze ubavu, sio akae, akikaa namba inapanda bure. Sindano ikishaingia na maji yameonekana, mwambie anyooshe miguu taratibu na apumue, aliyejikunja na kukaza tumbo anakupa presha ya uongo. Kama huna manometa, chukua mpira wa dripu mpya, kata kwa usafi wa tieta, unganisha kwenye sindano, uinue wima. Msaidizi anashika futi pembeni, sifuri iwe usawa wa sindano. Maji yatapanda, yatacheza kidogo na pumzi, subiri yatulie usome. Sentimita ulizosoma ndo presha kwa sentimita za maji, ukitaka mmHg gawa kwa 1.36, kwa hiyo 30 ni kama 22.

Ikizidi sentimita 25 toa maji mpaka ifike chini ya 20, au kama ilikuwa juu sana iteremshe nusu, kwa kawaida ml 20 mpaka 30 kwa mara moja inatosha. Alafu rudia kesho kama kichwa bado kinauma au namba bado iko juu. Ndugu watakataa, kuna imani kwamba sindano ya mgongo inaua. Usibishane nao mlangoni, muite baba au shangazi anayesikilizwa akae aone mgonjwa anavyoacha kushika kichwa baada ya maji kutoka, huyo atawaambia wenzake vizuri kuliko wewe.

Hatua ya 6: Ultrasaundi, kama ipo

Mashine ya wajawazito inaweza kusaidia ikiwa ina ile probu bapa. Jeli juu ya kope lililofungwa, usigandamize hata kidogo, na usifanye kabisa kama unahisi jicho limepasuka. Tafuta mshipa wa fahamu nyuma ya jicho, shuka milimita 3, pima upana. Pima macho yote mawili, chukua wastani. Kuanzia milimita 5 na kitu hivi anza kuwa na wasiwasi, watafiti wenyewe hawajakubaliana mstari uko wapi, ndo maana mimi naamini zaidi mgonjwa yule yule ametoka 4.8 akaenda 5.9 kuliko namba moja.

Mwenye probu ya moyo anaweza pia kusikiliza damu ya ubongo yenyewe kupitia mfupa mwembamba juu ya sikio, njia aliyoionyesha Aaslid 1982. Mshipa wa kati utaupata kwenye kina cha milimita 45 mpaka 60, kasi ya wastani kwa mtu mzima ni kama sm 55 kwa sekunde. Kasi ya mwisho wa pigo ikiwa inazidi kushuka wakati ile ya kilele imebaki, presha ndani inapanda. Inataka mkono uliozoea, jifunzieni kwa wenzenu wazima kwanza.

Hatua ya 7: Namba zimeharibika

Manitoli, dawa ya mshipani ya kupunguza uvimbe wa ubongo, nusu gramu kwa kilo, mtu wa kilo 60 ni gramu 30, yaani ml 150 za ile ya asilimia 20, kwa dakika 15 mpaka 20, mpira wa mkojo uwepo. Huku kwenye baridi manitoli inaganda chembechembe kwenye chupa, we usiitupe na usiitundike hivyo hivyo, iweke kwenye maji ya moto, itikise mpaka iwe safi, iache ipoe mpaka joto la mwili, na utumie mpira wenye chujio. Presha ikiwa chini usimpe manitoli, itamkamua maji yote, tumia chumvi ya asilimia 3. Na deksa (deksamethasoni, ni steroidi) kwa jeraha la kichwa hapana, ule utafiti wa CRASH wa wagonjwa zaidi ya 10,000 ulionyesha steroidi zinaongeza vifo, sijui kwa nini bado naikuta kwenye mafaili ya rufaa.

Hatua ya 8: Simu

Iwe unamtoa Chunya kuja Mbeya au unaongea na wa MOI, taasisi ya mifupa na upasuaji wa ubongo kule Muhimbili, anza na namba: umri, saa ya ajali, E V M alivyofika na alivyo sasa, mboni, MAP, oksijeni, sukari, umempa nini saa ngapi. Chati nenda nayo kwenye gari na upime njiani kila dakika 15, nesi akae upande wa kichwa, na kama njia inapita mlima Kitonga mwekeni sawa kabla ya kuanza kona maana mle ndani kutapika ni jambo la kutegemea na bomba la kunyonya liwe limeshawashwa.