Likizo ya familia kisiwani ikikutana na hali mbaya ya hewa: fanya hivi, hatua kwa hatua

Kazi yangu ni kupanga safari za familia kwenda visiwani, visiwa vya joto vya minazi na maji ya bluu, na kitu ambacho wateja wapya huwa hawaamini mpaka wakione wenyewe ni kwamba mvua haina shida kabisa, mvua mtoto anacheza humo humo. Kinachoharibu likizo ya kisiwani ni chombo kisichoondoka. Feri imesimamishwa, kindege kidogo hakiruki, mko upande wa pili wa maji na watoto na dawa zimebaki za siku mbili. Kwa hiyo humu nitaongelea sana vyombo na kidogo sana miavuli.

HATUA YA 1: Angalia kalenda ya bahari kabla ya picha za hoteli

Kila bahari ina msimu wake wa vimbunga na haifanani na nyingine. Karibi ni kuanzia Juni 1 mpaka Novemba 30, na kilele chake ni kama Septemba 10 hivi. Bahari ya Hindi upande wa kusini magharibi, yani Mauritius, Réunion, Madagaska, Komoro na majirani zao, ni Novemba mpaka Aprili na miezi mibaya ni Januari mpaka Machi. Fiji, Vanuatu na Tonga nao Novemba mpaka Aprili. Ufilipino ndo usiseme, vinaweza kuja mwezi wowote ila vingi ni kati ya Juni na Novemba. Sasa ukiona hoteli nzuri imeshusha bei nusu, rudi kwenye kalenda hii kwanza, mara nyingi jibu liko hapo.

Kuna watu wanakwepa kwa kuchagua visiwa vilivyo karibu na ikweta, na ni akili nzuri, kwa sababu ndani ya nyuzi 5 hivi kaskazini au kusini ya ikweta kimbunga ni nadra sana kutokea, mzunguko wa dunia pale hauna nguvu ya kutosha kuuzungusha upepo. Ndo maana Mahé ya Shelisheli iko salama kuliko Mauritius, na Aruba, Curaçao na Bonaire huwa vinapona kwa kuwa viko kusini sana mwa Karibi. Lakini kukwepa kimbunga sio kukwepa bahari. Shelisheli kuanzia Mei mpaka Oktoba kusi inavuma, bahari inachafuka, na wenye tumbo jepesi wanaijutia ile boti ya kwenda kisiwa kingine.

Na kalenda yenyewe sio mkataba. Mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilipiga kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei, wakati msimu ulishakwisha kwenye makaratasi, na Mafia iko kama nyuzi 8 tu kusini ya ikweta. Mwaka huo huo kimbunga Beryl kikaikanyaga Carriacou kule Grenada tarehe 1 Julai kikiwa kategori 4 (kipimo cha nguvu ya upepo, cha juu kabisa ni 5), mwezi ambao watu wengi wanaona bado ni mapema. Kalenda inakupa uwezekano, basi.

HATUA YA 2: Panga safari kuanzia siku ya kurudi

Hii ndo hatua ninayoisisitiza kuliko zote na ndo inayorukwa. Chukua tarehe ya ndege kubwa ya kurudi nyumbani, alafu rudi nyuma. Usiku wa mwisho, na kama ni msimu wa upepo basi usiku mbili za mwisho, mlale kwenye kisiwa chenye uwanja mkubwa wa ndege, sio kule kisiwa kidogo cha kupendeza mnachofika kwa boti. Kisiwa kidogo kiwekwe mwanzoni mwa safari. Watu wanapenda kinyume chake, wanataka kumalizia na kile kizuri zaidi, alafu bahari ikichafuka asubuhi ya kuondoka wanakosa feri, wanakosa kindege, wanakosa ndege kubwa, vyote kwa mpigo.

Hapo hapo cheki tiketi zenu. Kama kindege cha kisiwani na ndege kubwa ziko kwenye bukingi moja, ukichelewa ya kwanza shirika linatakiwa likupangie nyingine. Kama umenunua mbali mbali kwa sababu ilikuwa nafuu, ya pili ikikuacha ni juu yako. Simkatazi mtu kununua mbali mbali, ila weka siku nzima katikati.

Bima inunuliwe siku ile ile unayolipia safari. Bima nyingi zinahesabu kimbunga kuwa jambo linalojulikana tangu kilipopewa jina, na sehemu nyingi jina hutolewa upepo ukifika kilomita 63 kwa saa, kwa hiyo ukinunua baada ya hapo unalipia karatasi tu. Soma kama inalipa kuchelewa, kukosa safari ya kuunganisha na kukatisha likizo, hayo ni mambo matatu tofauti na bima ya bei ya chini huwa na moja tu.

HATUA YA 3: Soma utabiri kama nahodha

Aplikesheni ya simu ikikuonyesha kiwingu na matone kwa siku saba mfululizo usianze kulia. Kwenye visiwa vya joto kale kapicha mara nyingi kanamaanisha manyunyu ya muda wa saa moja hivi, mchana au usiku, na baada ya hapo jua. Angalia vitu vitatu vingine.

Cha kwanza upepo. Mara nyingi umeandikwa kwa noti, noti 1 ni kama kilomita 1.85 kwa saa, na ukianza kuona noti 20 kwenda juu ujue boti ndogo zitaanza kusitasita, na kwenye mlango wa bahari kati ya visiwa viwili virefu upepo unabanwa na kuongezeka zaidi ya ule ulioandikwa.

Cha pili mawimbi, na hapa angalia urefu pamoja na sekunde, yani muda kati ya wimbi na wimbi. Mita 1.5 kila baada ya sekunde 6 ni ile ya kurusha rusha, watoto watatapika. Mita 1.5 kila baada ya sekunde 14 imetoka kwenye dhoruba ya mbali sana, katikati ya bahari utaiona laini tu ila ikifika kwenye mwamba au gatini inapasuka kwa nguvu na boti haiwezi kufunga kamba. Hii ndo inaleta ile siku ya ajabu, anga safi, jua linawaka, hakuna upepo hata wa kupepea leso, na feri imesimamishwa, na baba wa familia anagombana na mkata tiketi akidhani anaibiwa.

Cha tatu ni taarifa ya kituo rasmi. Kwa Bahari ya Hindi ya kusini magharibi ni Météo-France ya Réunion, Karibi ni kituo cha vimbunga cha Marekani kilichoko Miami, Pasifiki ya kusini kuna Nadi kule Fiji, Ufilipino na jirani zake kuna Tokyo, pamoja na mamlaka ya hali ya hewa ya nchi uliyopo. Windy, ile aplikesheni ya ramani za upepo, ni nzuri kwa kuangalia na naitumia kila siku, inakuonyesha modeli (hesabu ya kompyuta ya utabiri) ya Ulaya na ya Marekani pembeni kwa pembeni, zikikubaliana una kitu cha kushika na zikipishana basi hakuna anayejua bado. Ila amri ya kuondoka haitoki Windy. Na saa za taarifa mara nyingi ni UTC, yani saa za kimataifa, zibadilishe ziwe saa za kisiwani kabla hujawatisha watu.

HATUA YA 4: Amua mapema kuliko wenzio

Kimbunga kikishaonekana kwenye ramani kinachorwa na koni. Koni sio ukubwa wa kimbunga, ni eneo ambalo kitovu chake kinaweza kupita, na kwa zile za Miami kitovu kinabaki ndani ya koni kama mara mbili katika kila tatu. Mara ya tatu kinatoka. Kwa hiyo kuwa pembeni ya mstari wa koni sio kupona, na mvua na upepo vinafika mbali nje yake hata kikitulia humo.

Miami wanatoa tahadhari ya kwanza kama saa 48 kabla upepo mkali haujafika na onyo lenyewe kama saa 36 kabla. Masikini msomaji anaona saa 36 ni nyingi. Sio nyingi! Bandari inafungwa kabla, meli zinakimbizwa kwenda kujificha, na ndege zinaondolewa kisiwani zikiwa tupu au zimejaa waliowahi. Mimi natumia kanuni hii: kisiwa kidogo kikiingia kwenye koni ya siku tano, familia inahamia kisiwa kikubwa siku hiyo hiyo wakati tiketi bado zipo na hamna anayesukumana. Kikipinda njia, umepoteza usiku mmoja wa hoteli na watoto wamenuna, basi.

Kategori isikudanganye. Kwa kipimo cha Miami, ya 1 inaanzia kilomita 119 kwa saa, ya 3 kilomita 178, ya 5 ni 252 kwenda juu, lakini hiyo inapima upepo peke yake. Haisemi kitu kuhusu mvua wala bahari kupanda nchi kavu, na maji ndo yanaua watu wengi. Kimbunga cha kategori 1 kinachotembea polepole juu ya kisiwa chenye milima kinaweza kuleta mafuriko na maporomoko mabaya kuliko cha 3 kinachopita mbio.

Mkiambiwa muondoke, ondokeni. Mkiwa mmechelewa na vyombo vimesimama, hakuna kutafuta mvuvi wa kuwavusha kwa hela. Hilo silijadili.

HATUA YA 5: Mkilazimika kubaki

Muulize meneja maswali haya na usiogope kuonekana msumbufu: jengo gani ni la zege, liko mita ngapi juu ya bahari, jenereta ipo na mafuta ya siku ngapi, watu wanakusanyika wapi. Banda la makuti ufukweni ni zuri kwa picha, usiku wa upepo mwachieni kaa.

Maji ya kunywa na matumizi madogo hesabu lita 4 kwa mtu kwa siku, familia ya watu wanne kwa siku tatu ni lita 48, alafu jazeni beseni na ndoo zote kwa ajili ya choo. Chaji kila kitu mapema. Pasipoti na dawa kwenye mfuko usiopitisha maji, na huo mfuko anavaa mtu mzima mwilini, hauwekwi kabatini. Kama kuna mtoto wa maziwa ya kopo, chemsha maji umeme ukiwepo na uyaweke kwenye chupa za chai mbili tatu. Toa pesa taslimu kiasi, mashine za kadi zinakufa na umeme.

Upepo ukianza kaeni chumba cha ndani kisicho na madirisha, bafu mara nyingi ndo linafaa. Watoto wavae viatu hata wakilala, vioo vikivunjika hutakuwa na muda wa kutafuta viatu gizani. Waambieni ukweli kwa maneno yao, patakuwa na kelele kubwa, sisi tuko hapa, na kila mmoja apewe kazi, mmoja wa tochi, mwingine wa kuhesabu watu. Mtoto mwenye kazi anaogopa kidogo.

Alafu ghafla kukitulia kabisa, usifungue mlango. Hilo linaweza kuwa jicho la kimbunga, upepo utarudi kwa nguvu ile ile kutoka upande wa pili.

HATUA YA 6: Kama ni mvua tu, siku nne za mvua

Hii ndo hali ya kawaida kuliko vimbunga vyote. Toka asubuhi mapema, mchana lala. Ngurumo ikisikika tokeni majini, na mkae nje ya maji dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Wingu jembamba linapitisha sehemu kubwa ya mionzi ya jua kwa hiyo mafuta ya ngozi yaendelee. Msiogelee karibu na mto unapoingia baharini kwa siku mbili tatu baada ya mvua kubwa, maji yale yamebeba kila kitu kilichokuwa juu ya ardhi. Gari likikuta maji yanayokimbia barabarani geuza, sentimita 30 zinatosha kuelea gari dogo.

Bendera nyekundu ufukweni ni nyekundu hata kama wageni wengine wanaogelea. Ukivutwa na mkondo usipigane nao kurudi moja kwa moja, ogelea sambamba na ufukwe mpaka ukuachie, au elea na upunge mkono.

HATUA YA 7: Mkishakwama, fanya makaratasi

Piga skrinishoti za kila kitu siku hiyo hiyo: tangazo la feri kusimamishwa, meseji ya shirika la ndege, onyo la hali ya hewa lenye tarehe. Bima watataka hayo na kurasa za mtandaoni hubadilika kila baada ya saa chache.

Usikubali vocha haraka haraka ukiwa umechoka, uliza kwanza kama unaruhusiwa kurudishiwa hela. Kwa ndege zinazoondoka Umoja wa Ulaya, na hapo Réunion, Guadeloupe na Martinique zimo, au zinazoingia huko na shirika la Ulaya, hali mbaya ya hewa inawaondolea fidia lakini haiwaondolei wajibu wa kukupa chakula, hoteli na uchaguzi kati ya kurudishiwa nauli na kupangiwa ndege nyingine. Wengi wanaambiwa "ni hali ya hewa, hatuhusiki" na wanaondoka. Nchi nyingine zina sheria zake, soma masharti ya tiketi ukiwa bado na intaneti.

Mtu mmoja asimame foleni, mwingine apige simu, wa tatu ajaribu kwenye aplikesheni, wa kwanza kufanikiwa awaambie wenzake. Omba kiti cha kila mtu kwenye ndege moja, na kama hazipo sema wazi mko tayari kugawanyika, mzazi mmoja na watoto hawa, mwingine na wale, nafasi mbili zinapatikana haraka kuliko tano. Risiti za chakula na malazi zitunzwe, na dai la bima lianze kabla hamjafika nyumbani kwa sababu kuna muda wa mwisho, uko kwenye karatasi ile ambayo hamna anayeisoma.