Kutoa bushi za swingamu zilizokufa kwenye pikipiki ya kizamani

Honda CG125 ya mzee ilikaa bandani hapa Ujiji miaka na miaka, na kabla ya hapo ilibebeshwa matenga ya dagaa mpaka ikachoka. Naanza kuifufua nakuta nyuma inayumba kama jino bovu, kila mtu ananambia beringi ya tairi hiyo. Jinsi ya kujua: piga stendi kubwa, shika swingamu yenyewe (ule mkono wa chuma unaobeba tairi la nyuma) sio tairi, isukume kushoto kulia, ikicheza ni bushi (ganda la chuma, raba, na bomba dogo katikati, pale swingamu inapoungana na fremu), ikitulia ila tairi ndo linacheza basi kweli ni beringi.

Toa tairi, cheni, na bolti za chini za shokapu. Tangi la petroli nalo litoe ulipeleke mbali kabisa, maana mbele huko kunaweza kuja moto.

Kasheshe ni ile bolti ndefu inayopita katikati, inashikana kwa kutu na bomba dogo la chuma lililo ndani ya bushi. Mwagia mafuta ya kulainisha kutu pande zote uache ilale mpaka kesho (kuna jamaa alinishauri mawese, jamani mawese tuwaachie wapika mgebuka). Asubuhi legeza nati lakini usiitoe, iache usawa na ncha ya bolti ili nyuzi zisipondeke, halafu zungusha kichwa kwa spana huku na huku. Ila ikizunguka usishangilie, mara nyingi inazunguka na bomba lake, raba ishachanika. Gonga kupitia kipande cha shaba, na ikigoma kabisa pitisha kisu cha msumeno kati ya swingamu na fremu ukate, bolti mpya ni hela ndogo kuliko fremu.

Sasa bushi. Mimi nilizitwanga nyundo, tundu likapinda, nikaishia kwa mchomeleaji. Usipige, VUTA. Tafuta stadi ndefu ya M12 (fito ya chuma yenye nyuzi, unene milimita 12), nati mbili, washa nene, soketi iliyo ndogo kidogo kuliko ganda la nje la bushi, na kipande cha bomba ambacho bushi inaingia ndani yake. Soketi upande mmoja, bomba upande wa pili, stadi katikati, kaza taratibu, ukisikia "ta!" ujue imeachia.

Ikikataa hata hapo, peleka swingamu nje uichome raba, moshi wake mbaya sana simama upande upepo unakotoka. Bomba la ndani litatoka, ganda la nje litabaki, likate kwa ndani kwa urefu, polepole, usije ukala chuma cha swingamu, kisha likunje kwa patasi.

Piga msasa tundu, paka maji ya sabuni. Bushi mpya nililaza kwenye friza ya muuza barafu, alinicheka lakini zinasinyaa kidogo na kuingia vizuri. Wakati wa kuvutia ndani sukuma ganda la nje tu, ukisukuma bomba la kati unachana raba kabla hujapanda hata siku moja.

Na bolti kuu usiikaze mwisho pikipiki ikiwa juu ya stendi. Ishushe, mtu aikalie, ndo ukaze, kwa sababu raba inashikana na chuma pande zote mbili, ukiikaza swingamu inaning'inia itakaa imejisokota muda wote na itachanika mapema. Za kwangu za kwanza ziliisha hivyo hivyo, nikarudi tena kwa muuza barafu.